Fomu ya Tahasusi Isijazwe kwa Kubahatisha

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yatangazwapo, hujitokeza vijana waliofaulu vyema lakini wakakuta mlango wa masomo waliyoyatamani umefungwa. Lawama huelekezwa kwa vyuo. Ukweli ni kwamba mlango huo ulifungwa zaidi ya miaka miwili nyuma, siku kijana alipojaza fomu ya kuchagua tahasusi akiwa bado Kidato cha Nne.

Tanzania haina mtihani mwingine wa kuingilia chuo kikuu kwa kijana atokaye moja kwa moja shuleni. Mtihani wa Kidato cha Sita, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani lililoundwa mwaka 1973, ndio upimao elimu ya sekondari, na ndio huohuo uamuao nani aingie chuoni. Lakini kufaulu peke yake hakutoshi. Udaktari hudai fizikia, kemia na baiolojia. Uhandisi wa ujenzi hudai hisabati na fizikia. Mwanafunzi wa PCB aliyepata A tatu hawezi kuwa mhandisi wa ujenzi kwa tahasusi hiyo, na hakuna afisa wa udahili awezaye kumsaidia.

Inasikitisha, basi, kwamba zipo shule ambamo fomu hiyo hujazwa katika kipindi kimoja, mwanafunzi akinakili chaguo la rafiki yake. Tangu orodha ya tahasusi ilipopanuliwa mwaka 2024 hatari ya kupotea imezidi. Ni kweli kwamba nafasi ya kubadili chaguo hutolewa baada ya matokeo ya Kidato cha Nne. Lakini asiyejua alikosea wapi atabadili nini?

Wapo wasemao kijana wa miaka 16 hajui atakalo. Huenda hajui. Ndiyo maana ahitaji mwalimu wa kumweleza kila njia inafika wapi, pamoja na ile ya vyuo vya kati, ambayo walimu wengine huitaja kana kwamba ni adhabu ya walioshindwa.

Liko pia suala la karatasi. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Jina likitofautiana herufi moja na lile la cheti cha shule, usumbufu huanza, mara nyingi wakati kijana yuko kambini JKT na mzazi yuko kijijini. Watumishi wa wilaya wayajua haya vizuri kuliko mtu yeyote, na wangeweza kufika shuleni mapema kuyasema.

Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka mwongozo wenye masharti ya kila kozi. Mahali pake ni mezani kwa mwalimu wa Kidato cha Tatu, kabla fomu hazijafika.