Kona ya Michezo: Pointi sawa, nani anapita?

Sisi timu zikilingana pointi tunahesabu magoli, na kelele zinaanzia hapo. NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, inaangalia kwanza nani ameshinda mara nyingi ndani ya dakika 60, bila nyongeza wala penati.

Aprili 2024 Washington Capitals na Detroit Red Wings zilimaliza na pointi 91 kila moja. Detroit ilishinda mechi 41, Washington 40. Magoli je? Detroit ilikuwa na ziada ya 4, Washington ilikuwa na deni la 37! Lakini ndani ya dakika 60 Washington ilishinda 32, Detroit 27. Basi Washington ikapita. Jioni ya mwisho Detroit iliifunga Montreal kwa penati, na bado ikatolewa.