Asipoonekana Darasani, Twende Kwao

Saa moja na nusu asubuhi mwalimu wa sekondari hapa Bukavu hufungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina. Likifika jina la mtoto ambaye hakuja, darasa zima humjibia: "Haiko!" Mwalimu huweka alama, huita jina linalofuata, na somo huanza. Kesho yake jibu ni hilohilo. Kufikia siku ya tano wenzake hulitoa kabla jina halijaisha kutamkwa, na mwezi ukipita, jirani yake wa benchi amekwisha kujisogeza katikati, anaandika akiwa amekunjua viwiko vizuri.

Ndugu zangu wa Bukavu, ninawaandikia kwa sababu ya siku hizo chache, kati ya "Haiko" ya kwanza na nafasi kujaa. Ndizo siku ambazo mtoto bado anaweza kurudi. Kumrudisha hakungoji mradi wala mfadhili. Kunataka mtu anayemjua, apande mlima mpaka kwao na kuuliza kuna nini.

Mtoto wa hapa haachi masomo kwa siku moja, na mara nyingi mambo huanza na deni. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019, kwa kutekeleza ibara ya 43 ya Katiba ya 2006, iliishia shule ya msingi. Sekondari mzazi bado analipa, kwa awamu, na mara nyingi hesabu yenyewe inafanywa kwa dola. Awamu ikipita, orodha inasomwa asubuhi na wadeni wanatoka nje. Mtazameni mmoja wao pale kwenye geti: shati jeupe, suruali ya bluu, begi mgongoni, na bado hata saa tatu haijafika. Nyumbani hawezi kurudi, maana mama ametoka alfajiri na beseni lake kwenda soko la Kadutu, na mlango una kufuli. Basi anateremka na wenzake hadi Beach Muhanzi kutazama boti zikipakuliwa. Mtu anamwita abebe mzigo. Anabeba, anapewa faranga kidogo, ananunua sambusa, na faranga zilizobaki anampelekea mama jioni bila kusema zimetoka wapi. Kesho yake anakwenda moja kwa moja Muhanzi.

Baada ya wiki mbili hata ukimlipia deni, tatizo lake limekwisha kuwa kubwa kuliko deni. Hesabu zimempita. Anaona haya kuingia darasani wote wakimtazama. Na jambo baya kuliko yote, ameona kwamba hakuna aliyemtafuta.

Wanaomtafuta wapo, lakini kwa shughuli nyingine. Machimbo ya dhahabu ya Kamituga hayamuulizi mtu buletini ya shule. Binti atapata haraka nyumba ya kufanyia kazi za ndani, au mwanamume wa kumwoa kabla ya wakati. Nao wenye bunduki wamewatafuta vijana wetu tangu zamani. Mwaka 1996 watoto wengi wa Kivu walitupa madaftari wakafuata jeshi la AFDL, wakaitwa kadogo, na wenye umri wangu tunakumbuka nafasi walizoziacha. Kijana anayejiona hana mtu ni rahisi kumchukua. Ndiyo maana nasema kutembeleana huku si jambo dogo la adabu tu. Ni ulinzi wa mji wetu.

Tumezoea kusema watoto wa leo hawana uvumilivu. Sikubali. Mtoto anayeshuka kutoka Cimpunda asubuhi kwenye tope la mvua, akapanda tena saa saba tumbo likiwa tupu, jioni akasoma kwa mwanga wa simu kwa sababu umeme umekatika, uvumilivu anao tele. Inaniuma kila mara kwamba mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa kwetu, unaendesha mitambo ya umeme ya Ruzizi I na Ruzizi II, na mwanafunzi anayekaa juu yake anasoma gizani. Mtoto huyo msimwambie aongeze bidii. Mwongezeeni watu.

Mfano tunao: mnamjua Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa hapa mwaka 1955. Alimaliza sekondari Institut Bwindi mwaka 1974, katika biokemia. Alitaka udaktari, lakini kwanza alijikuta katika kitivo cha ufundi huko Kinshasa, akakaa miaka miwili akisomea asichokitaka. Mwaka 1976 akaenda Bujumbura kuanza upya katika udaktari, akamaliza 1983. Hospitali ya Lemera aliyokuwa akiifanyia kazi ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tukiwasimulia wanafunzi habari hizi huwa tunarukia Nobel. Mimi napenda tukae zaidi kwenye ile miaka miwili ya Kinshasa, kwa sababu mwanafunzi wa sekondari aliyeanguka mtihani anaweza kujiona humo. Tukae pia kwa baba yake, mchungaji, aliyekuwa akimchukua mtoto kwenda naye kuwaombea wagonjwa majumbani. Hamu ya udaktari ilianzia kwenye matembezi hayo, mtoto akiwa kando ya baba.

Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari 2025, shule zilifungwa. Zilipofunguliwa, madarasa hayakuwa yaleyale. Kuna familia zilizovuka mpaka, kuna zilizokimbilia kwa ndugu vijijini, na kuna watoto waliokuja kwetu kutoka kwingine bila buletini wala daftari. Benki zilikuwa zimefungwa, na mzazi mwenye akiba hakuweza kuigusa. Walimu walirudi darasani hata hivyo. Nataka kuwashukuru hapa hadharani, kwa sababu sijasikia wakishukuriwa vya kutosha. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na zaidi hawezi kuwafuata wote katika mitaa ya Panzi, Nyamugo na Bagira. Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Na sisi hatuanzii patupu. Akifa mtu katika avenyu, kabla ya jioni shefu wa nyumba kumi anajua, viti vinafika, maturubai yanafungwa, na daftari la mchango linazunguka mlango kwa mlango, kila jina na kiasi chake. Akina mama wa soko wana likelemba, mchango wa zamu, na anayekosa zamu yake hafiki jioni bila mwenzake kuja kumuuliza. Kanisani tuna shirika, ambamo Wakristo wa mtaa mmoja hujuana kwa majina ya watoto. Hata vijana wenyewe wana mfano wa hapa nyumbani: Xaveri, chama ambacho leo kina wanachama hata nje ya Kongo, kilizaliwa Bukavu mwaka 1952 mikononi mwa padri Georges Defour. Kukusanyika, kuhesabiana na kufuatana tunakujua. Tulichobakiza ni kukutumia pia kwa mtoto aliyekosa darasa siku mbili.

Jirani zetu wa Tanzania wamelifanya jambo hili kwa utaratibu mzuri. Shirika la CAMFED huwarudisha shuleni wasichana waliomaliza sekondari, kwa kujitolea, katika shule za kwao au zilizo karibu nao. Kila dada wa namna hiyo hukaa na wadogo zake katika vipindi vya stadi za maisha vinavyoitwa Dunia Yangu Bora, huwasaidia kusoma, na mwanafunzi akianza kukosa, humfuata nyumbani. Naye hatembei bure: hufunguliwa njia ya mkopo usio na riba aanzishe biashara yake. Ninachokipenda ni kwamba anayebisha hodi ni mtu aliyepita palepale, aliyewahi kukosa sare, aliyewahi kusubiri karo. Mama wa mtoto humsikiliza tofauti na anavyomsikiliza mgeni mwenye fomu mkononi. Tanzania pia, Novemba 2021, iliwafungulia mlango wa shule wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua. Kwetu binti wa namna hiyo huwa anafichwa. Akina mama wa mtaa, mnajua anakaa nyumba gani. Nendeni kwake, ninyi wenyewe, mmuulize kama anataka kurudi na nani atamshika mtoto saa za darasa.

Kwenu wanafunzi, maana najua baadhi yenu mtasoma haya: jigaweni kwa njia ya kurudi nyumbani. Mnaopanda pamoja kwenda Muhungu ni kundi moja, wa Essence kundi jingine. Mwenzenu akikosa siku mbili, wawili wenu mpitie kwao siku hiyohiyo. Mpelekeeni daftari anakili yaliyompita. Msimuulize mbele ya watu kama ni pesa. Kaeni naye, hata kwa robo saa, mwambieni darasani kulikuwa na nini, nani alichekesha, mwalimu gani alimtaja. Mtoto anayejua kwamba alitajwa hulala akipanga kurudi.

Waheshimiwa prefe, najua shule zenu huishi kwa michango hiyo na kwamba bila awamu hakuna chaki. Lakini nawaomba kwa heshima: deni ni la mzazi, basi aitwe mzazi. Mtoto abaki darasani wakati makubaliano yanaandikwa, awamu kubwa ikatwe kuwa ndogo zinazolingana na biashara ya beseni. Na kama ni lazima orodha isomwe, isisomwe mbele ya darasa. Mtoto aliyetolewa hivyo mara tatu amefundishwa na sisi wenyewe njia ya Muhanzi.

Wanafunzi wa vyuo vya UCB, UOB, UEA na ISP, jioni moja tu kwa wiki mkae na wadogo zenu wa mtaa mmoja. Hesabu na Kifaransa ndizo zinazowaangusha. Waliosoma shule za Alfajiri, Wima, Cirezi, Ibanda au Fundi Maendeleo, mlioko hapa na mlioko Brussels au Montreal, makundi yenu ya simu yamejaa picha za zamani na salamu za sikukuu, na ni vizuri. Ongezeni jambo moja: likelemba ya mwaka, inayolipa awamu ya pili ya wanafunzi ambao shule yenyewe imewataja, pesa ikienda moja kwa moja kwa mhasibu na risiti ikirudi kundini. Awamu ya pili ndiyo huwavunja wengi, kwa kuwa ya kwanza ilishakausha nyumba.

Wenye nyumba zenye umeme wa uhakika au sola, fungueni sebule kuanzia Aprili. Meza moja, watoto sita, saa mbili za jioni, runinga imezimwa. Mtihani wa Taifa hufanywa kwa siku nne na kudai nusu ya alama ili kufaulu, na anayefika chumba cha mtihani akiwa na wenzake watano waliosoma naye haogopi sawa na aliyesoma peke yake. Matokeo yakitoka, mji mzima hutoka barabarani na poda nyeupe, nasi watu wazima hucheka na kupiga honi kama sisi ndio tuliofaulu. Furaha hiyo naipenda mno. Natamani kila anayemwaga poda Kadutu siku hiyo awe amemfahamu walau mtoto mmoja tangu mwezi wa tisa.

Usalama wetu si wa kutegemewa, na wazazi wana haki ya kuogopa. Kwa hiyo tutembee mchana, Jumapili baada ya ibada au Jumamosi salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ikiisha, wawili wawili, na shefu wa avenyu awe na habari.

Mkutano ujao wa komite ya wazazi katika shule ya mwanao, omba jambo hili liandikwe kwenye ajenda: majina ya wote waliotoka shuleni tangu Februari 2025, pamoja na mitaa wanakokaa, kwa wale ambao shule inajua. Msilijadili sana. Majina yagaweni kwa mitaa palepale ukumbini: wa Panzi wachukue ya Panzi, wa Nguba ya Nguba, wa Kasha ya Kasha. Wazazi wa waliohamia kutoka Kalehe na Goma waulizwe pia, maana wao wanajua watoto ambao hawamo katika orodha yoyote. Mkutano wa baadaye kila mmoja aje na jibu: nimemwona, anataka kurudi na amekwama kwa jambo fulani; au amehama; au ameolewa, na haya ndiyo aliyoniambia. Tukiwa na majibu hayo mezani, tutajua mchango gani tuuombe, kwa nani, na kwa mtoto yupi.