Kuka, Mbwa wa Lubao Hawawezi Kulinda Volkeno

Leo niko na hasira kidogo, nivumilieni.

Juzi nilikuwa pale soko la mbwa Lubao. Tukawa tunapiga story na beshte yangu kuhusu volkeno ya Nyiragongo, ile ya Goma kule Congo. Mzee mmoja muuzaji, mbwa wake watatu wamefungwa kamba kando yake, akatusikia akacheka. "Mjukuu, hizo mashine za kupima mlima ni za kula pesa tu. Mlima ukitaka kulipuka, mbwa anajua kabla yako." Watu wakaitikia kabisa, eti mzee amesema ukweli.

Kuka, kwa heshima zote, hapana.

Mbwa hubweka akiona bodaboda. Hubweka akiona paka, akisikia njaa, akimwona mgeni. Huenda anahisi kitu kabla ya mlipuko, hilo silikatai. Lakini ukiambia mji mzima uhame kila mbwa anapobweka, ukifika wiki ya pili hakuna mtu atakusikiza. Onyo lisilotofautiana na kelele za kila siku si onyo.

Sasa angalia vile wanasayansi hufanya. Fikiria sufuria ya maji ya ugali jikoni, imefunikwa. Kabla maji hayajamwagika, unaona nini? Sufuria inatetemeka, kifuniko kinainuka, mvuke unatoka. Volkeno ni hivyo tu. Magma ikipanda inavunja miamba, na vipima tetemeko vinanasa mitikisiko midogo ambayo wewe huwezi kuihisi. Ardhi inavimba kwa sentimita chache, na vifaa vya GPS pamoja na rada za setilaiti zinaona. Gesi ya salfa inaongezeka, na kuna vifaa vya kuipima. Hakuna uchawi hapo. Ni kupima kila siku, mwaka baada ya mwaka, ili siku mambo yakibadilika ujue yamebadilika.

Na hapo kwa "kila siku" ndipo hasira yangu inaanzia.

Goma wana kituo cha kuchunguza volkeno tangu 1986, na wanaofanya kazi pale ni Wakongo. Nyiragongo ilikuwa imeua watu 1977, na 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kwa hivyo hakuna mtu angesema hakujua. Lakini 2020 ufadhili wa Benki ya Dunia ukaisha. Kuanzia Oktoba mwaka huo hadi karibu Aprili 2021, kituo hakikuwa na intaneti ya kupokea data kutoka mlimani vizuri. Bundles, wasee! Mji wa mamia ya maelfu ya watu uko chini ya volkeno, na walinzi wake wameishiwa na bundles.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mlima ukapasuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nyumba maelfu ziliangamia.

Najua mtaniambia: lakini hata intaneti ilikuwa imerudi, na bado hawakutoa onyo! Kweli. Siwezi kuwadanganya. Utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba dalili za wazi zilianza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka. Mlima huo ni mgumu. Lakini nani anayeshinda mtihani mgumu kwa kukosa darasa miezi saba? Na msisahau kilichofuata. Ni vifaa hivyo hivyo vilivyoonyesha magma ikisafiri chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Mlipuko wa pili haukutokea, na sawa. Mwenye kuhama akarudi nyumbani ana bahati kuliko aliyebaki akazikwa.

Ukitaka kuona vile inaweza kwenda vizuri, angalia Pinatubo, Ufilipino, 1991. Mlima uliamka baada ya miaka karibu 500, wataalamu wakaweka vifaa haraka, wakasema watu watoke. Makumi ya maelfu wakatoka kabla ya mlipuko mkubwa wa Juni 15. Maelfu wako hai kwa sababu ya hiyo kazi.

"Sasa hiyo inatuhusu nini huku Lubao?" Simu unayosomea hii umeichaji na nini? Umeme wa Kenya unategemea mvuke wa Olkaria kuliko chanzo kingine chochote, na Olkaria ni volkeno. Joto lile tunalolivuna halijalala. Setilaiti za Ulaya zilionyesha Longonot ikiinuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kule Baringo, ikainuka kama sentimita 21 kwa miezi tisa tu. Haimaanishi zitalipuka kesho, tafadhali msianze kutisha shosho zenu. Inamaanisha milima yetu inapumua, na aliyehesabu pumzi alikuwa angani, akitumwa na watu wa mbali.

Ushawahi kusikia taarifa ya kila wiki kuhusu Longonot, Suswa au Menengai, vile unasikia ya hali ya hewa? Mimi pia sijawahi. Menengai iko juu ya mji wa Nakuru!

Kwa hivyo ninataka vitu viwili. Vifaa vya kudumu kwenye volkeno zetu, vilipiwe na bajeti yetu, si na mfadhili anayeweza kuamka siku moja akaondoka. Na data iwekwe wazi, mwanafunzi wa Kakamega aifungue kwa simu.

Kuka, mbwa wako ni wazuri, na siku moja nitanunua mmoja. Atalinda boma. Mlima tuuachie vipimo, na tulipe bundles.