Toa Jina Lako kwa Hiyo Listi

Kuna meseji moja ambayo kila mtu anayepiga gitaa hii Nairobi ameisoma mpaka akaizoea. Huingia siku ya shoo yenyewe, saa kumi na mbili jioni hivi: "Niaje buda, leo mnapiga saa ngapi? Nieke kwa listi, niko na mabeshte wawili." Anayeituma si mtu mbaya. Pengine walisoma pamoja. Pengine ndiye yule hupost kila mwezi ati tusapoti vya kwetu. Na mwenye gitaa anajibu "poa, sawa," kwa sababu akikataa ataambiwa ameanza maringo, na kwa sababu kucheza mbele ya viti vitupu ni aibu anayoiogopa kuliko njaa.

Mimi nasema hiyo meseji inaua bendi zetu haraka kuliko kanjo, kuliko jirani anayewapigia polisi simu, na kuliko DJ ambaye watu wa rock wanapenda sana kumlaumu. Na nitaanza na hesabu, maana tukianza na hisia tutabishana hadi kesho.

Tuchukue klabu ndogo, ile ya watu 80 mkisongamana vizuri. Geti ni soo tano. Bendi ni tatu, kila moja ina watu wanne. Mtu wa saundi anataka 10,000, na anastahili, kwa sababu bila yeye hiyo kelele yote ni mabati yakianguka. Wote 80 wakilipa, geti inaleta 40,000. Toa za saundi, gawa kwa bendi tatu: kila bendi inabeba 10,000, yaani 2,500 kwa kila kichwa. Hiyo hainunui ploti, lakini inalipa masaa ya studio ya mazoezi, nyuzi mpya za gitaa na teksi ya kubebea vyombo. Sasa rudia hesabu, watu 45 wakiwa kwa listi. Wanaolipa ni 35. Geti ni 17,500. Mtu wa saundi anachukua zake palepale, yeye hajui mambo ya listi. Zinabaki 7,500. Kila bendi 2,500. Kila mtu 625.

Mpiga dramu anayeishi Rongai, saa saba usiku, na snea, pedali na mfuko wa simbali. Mwambie arudi nyumbani na 625. Nangoja.

Hizo ni namba za mfano. Weka za klabu unayoijua wewe, panda, shuka, matokeo ni yaleyale: chumba kilijaa, watu walifurahia, bendi ilipata hasara. Na bendi haivunjiki kwa kishindo. Inavunjika pole pole. Mwezi huu mazoezi yameahirishwa, mwezi ujao mpiga besi amepata kazi ya wikendi, halafu siku moja unauliza "hivi wale jamaa walienda wapi?" Uliza vizuri. Wewe ulikuwa kwa listi.

Najua majibu, nimeshayasikia yote. La kwanza: "Lakini mimi hununua vinywaji." Kweli unanunua. Kokteli ya 800, mbili, tatu, na ukifika kwa counter husemi "nieke kwa listi". Hizo pesa zinaenda kwa baa. Mahali pengine bendi hupewa asilimia fulani ya mauzo, na hapo ni sawa, lakini shoo nyingi ndogo mkataba ni mmoja tu: bendi inachukua geti, baa inachukua baa. Kwa hivyo kile kitu kilichokutoa nyumbani umekipata bure, na kile ungekipata kwa wines and spirits ya mtaa wako umekilipia mara tatu.

Jibu la pili linatoka kwa watu wangu. Sisi wa kontenti. "Nieke kwa listi, nitawapostia." Kazi yangu ni hii hii, kwa hivyo nitasema waziwazi: video yako ya sekunde 15 si malipo. Kwanza haisikiki. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeongea. Ikikutana na dramu na amplifaya mbili ndani ya chumba kidogo inaibana sauti yote iwe kiwango kimoja, na kinachotoka kwa post yako ni kama redio ya kinyozi. Ile besi inayokugonga kifuani mpaka unahisi shati likitetemeka haiingii humo kabisa. Kwa hivyo umeingia bure, umesimama mbele na mkono juu ukiwaziba waliolipa, halafu umeonyesha ulimwengu bendi ikisikika vibaya kuliko ilivyo. Hiyo unaita sapoti.

Mtu atauliza kwa nini nalilia vyumba vidogo hivi wakati kuna matamasha makubwa. Hebu tuanze na rock ya gereji yenyewe, kwa sababu hii muziki ilizaliwa kwa nafasi finyu. Jina lilitokana na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliofanyia mazoezi mahali baba anaegesha gari. (Kwetu gereji ni Grogan, oil chafu na mafundi wanane juu ya gari moja, na mzazi wa Nairobi mwenye gereji ya nyumbani alishaigeuza bedsitter akaipangisha.) Kordi tatu, hasira kidogo, vifaa vya bei ya chini. Mwaka wa 1963 bendi ya The Kingsmen kutoka Portland ilirekodi "Louie Louie" kwa kama dola 50 tu, na maneno hayakusikika kiasi kwamba FBI walichunguza kwa zaidi ya miaka miwili kama kuna matusi ndani, wakaishia kusema hawaelewi kinachoimbwa. Uzuri wa hii muziki ni huo: haikungoja mtu awe tayari.

Na usidhani vyumba vidogo vinatoa vitu vidogo. Unajua ule wimbo wa mashabiki wa mpira, ule hauna maneno, uwanja mzima unaimba sauti saba tu zinazoshuka? Ukitazama mechi kwa baa yoyote ya Thika Road umewahi kuusikia. Ni gitaa la "Seven Nation Army" ya The White Stripes. Hao walikuwa watu wawili kutoka Detroit, Jack White na Meg White, na walianzia mwaka wa 1997 kwenye baa ndogo iliyoitwa Gold Dollar. Hiyo melodi yenyewe Jack aliipata Januari 2002 wakijaribu vyombo kabla ya shoo huko Melbourne, ndani ya Corner Hotel, ambayo licha ya jina ni pub ya kupigia muziki. Wimbo ukatoka 2003. Oktoba ya mwaka huohuo mashabiki wa Club Brugge, wakiwa kwa baa huko Milan kabla ya mechi, wakaushika, wakaingia nao uwanjani, timu yao ikaipiga AC Milan 1-0. Kufikia Kombe la Dunia la 2006 Italia nzima inauimba. Baa, pub, halafu baa tena, ndipo uwanja wa watu elfu themanini. Ile Gold Dollar nayo ilifungwa zamani.

"Sawa, lakini hiyo ni muziki ya wazungu." Hili jibu linanichosha. Zambia miaka ya 1970 ilikuwa na bendi zinazopiga rock chafu kuliko nyingi za Uingereza. Waliita Zamrock. WITCH, wakiongozwa na Emmanuel Chanda, yule waliyembandika jina Jagari, walikuwa wanajaza kumbi. Halafu bei ya shaba ikaanguka, pesa mifukoni mwa watu zikaisha, shoo zikapungua, na bendi zikafa moja baada ya nyingine. Chanda akaishia kuchimba vito ardhini. Ulimwengu ulikuja kugundua zile rekodi miaka mingi baadaye, na WITCH wakarudi na albamu mpya, *Zango*, mwaka wa 2023. Karibu miaka arobaini hapo katikati ilikuwa kimya, na wengi wa wale wenzake walishakufa. Zambia angalau ina kisingizio cha shaba. Sisi tutasemaje? Tulikuwa kwa listi?

Na hapa kwetu: Crystal Axis, mapanki wa Nairobi, wana wimbo unaitwa "Nyayo House", kuhusu vile vyumba vya mateso vya chini ya jengo ambalo wewe hupanga foleni ya pasipoti. Niambie hiyo ni hadithi ya mzungu gani. Martin Kanja na Sam Karugu walitoka kwa bendi za metal za hapahapa, bendi zilizocheza mbele ya watu wachache waliojuana kwa majina, wakaunda Duma. Albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Sikia tena: Kampala. Kanja sasa anazunguka matamasha ya Ulaya kwa jina la Lord Spikeheart, na nina hakika kuna watu Berlin wanaomjua vizuri kuliko wasee wa Umoja. Kila mara mtu wetu akishapendwa nje tunakuja mbio na bendera kwa bio. Wakati alikuwa anapiga Jumamosi kwa 500 tulikuwa wapi?

Hili si tatizo letu peke yetu. Uingereza, nchi ambayo ilijengewa jina na bendi za vyumba vidogo, mwaka wa 2023 ilipoteza kumbi ndogo 125 kwa hesabu ya Music Venue Trust. Wao wameanza kupigana. Coldplay waliahidi kutoa asilimia 10 ya mapato ya shoo zao za viwanjani za Uingereza za 2025 kusaidia kumbi ndogo. Hapa tuna matamasha ambayo tiketi yake ni elfu kadhaa na watu wanalipa bila kupepesa. Hakuna anayemwandikia promota wa hilo tamasha "nieke kwa listi". Mnamwogopa. Mnaomba bure kwa yule mnayemjua, yule hana kitu.

Sasa, kuna jibu moja ambalo nalikubali: "Sina doo." Hii economy sote tunaiona. Graduate anauza smokies, soo tano ni chakula cha siku mbili. Wewe sigombani nawe. Lakini dawa ya kukosa pesa ni bei kushuka, na hapo lawama inahama kwako inaenda kwa wenye klabu, mapromota, na bendi zenyewe, ambao hawajanyooka pia.

Kwa nini shoo zote zianze saa nne usiku? Poster inasema saa mbili, bendi ya kwanza inapanda saa tano kasoro, na wa mwisho wanapigia wahudumu wanaofagia. Mwishoni mwa 2022 kaunti ilizima klabu zilizo katikati ya makazi ya watu kwa sababu ya kelele, na nitasema kitu ambacho wenzangu hawatapenda: jirani mwenye mtoto mchanga ana haki ya kulala. Fanyeni shoo ya Jumapili, saa tisa mchana hadi saa moja. Geti soo mbili. Mathree bado ziko, jirani yuko macho, na mtoto wa form four anaweza kuja.

Huyo wa form four tumemsahau kabisa. Sheria ya pombe inamzuia mpaka 18, na sera ya serikali iliyotoka 2025 inapendekeza 21. Ikipita, mtu atamaliza chuo kabla hajasimama mbele ya bendi. Washington walitatua hili mwaka wa 1980: watoto wa punk walichorwa X kubwa nyeusi mikononi ili baa isiwauzie pombe, wakaingia kusikiliza. Marker pen moja. Baadaye Fugazi, bendi ya mji huohuo, walishikilia tiketi ya kama dola 5 na milango wazi kwa umri wote hata walipokuwa na jina kubwa. Sasa promota wa hapa ataniambia ati haiwezekani, huku akiilipa bendi "exposure" na bia mbili za moto.

Na nyinyi wa bendi, acheni kuweka watu kwa hiyo listi. Kila bendi majina mawili, mama yako na anayewabebea vyombo. Rafiki wa kweli akiambiwa hapana atalipa. Asiyelipa ataokoa nafasi ya mtu mwingine pale mbele. Mkienda hewani wekeni till namba kwa ukuta, kubwa, isomeke kutoka chooni, kwa sababu watu huwa wakarimu wakishasikia wimbo wa tatu.

Kwako wewe msomaji: Jumamosi hii kuna bendi mahali, hukosi. Usitume meseji. Angalia saa kwa poster, fika saa hiyo, ya bendi ya kwanza, ile hakuna mtu anaijua. Beba vizuizi vya masikio, viko kwa chemist, maana umri huu ndio watu huharibu masikio wakidhani ni ujanja. Toa soo tano. Baunsa akikuuliza uko kwa listi ya nani, mwambie hauko.