Fidia ikikataliwa, anza kwa kusoma alichoandika daktari

Miezi mitatu iliyopita aliingia kliniki hapa Bukoba kijana kutoka Muleba, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kana kwamba bado umefungwa bandeji. Bandeji ilishatolewa zamani. Mashine ya kukoboa kahawa ilimkamata vidole vitatu akiwa kazini. Ameniruhusu nimsimulie bila jina.

Hakuja kutibiwa. Alitoa bahasha ya kaki. Alilipwa fidia akaiona ndogo, akaomba uamuzi uangaliwe upya, majibu yakaja kwamba kiwango cha ulemavu hakibadiliki. "Daktari, nimeshindwa," akasema. "Niambie kama kuna kwingine."

Kwingine kupo. Lakini kabla ya kumjibu nilisoma ripoti ya kitabibu iliyokuwa kwenye zile karatasi. Ilikuwa mstari mmoja: jeraha la mkono, amepona. Simlaumu sana aliyeandika, kwa sababu na mimi niliandika mistari ya namna hiyo miaka ya nyuma, foleni ikiwa imefika nje ya mlango. Kwetu madaktari "amepona" maana yake kidonda kimefunga. Kwa ofisa anayesoma faili mezani, "amepona" ni mtu aliyerudi kazini na mkono wake.

Hospitalini neno rufaa tunalitumia kila siku. Mgonjwa akitoka zahanati kwenda Rubya au Ndolage, na kutoka huko kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, anabeba barua inayoeleza alichopimwa, alichotibiwa na kilichoshindikana. Ninaowaona wakikata rufaa za fidia wanapanda ngazi na karatasi ileile iliyowaangusha chini.

Kwa ajali na magonjwa ya kazini Tanzania Bara, anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Michango hutoka kwa mwajiri. Mfanyakazi hakatwi kitu. Usiporidhika, kwanza unaomba mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Ukikataliwa unakata rufaa kwa waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo ipo Mahakama ya Kazi. Kijana wangu alikuwa amepanda ngazi moja tu akadhani amefika mwisho. Usikae na barua nyumbani, maana siku zinahesabiwa. Kama huna pesa ya wakili, uliza ustawi wa jamii wa halmashauri yako wakuelekeze kwa watoa msaada wa kisheria. Wapo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017 na hawatozi.

Sasa isome barua ya kukataliwa taratibu. Wamesema ajali haikuwa ya kazini? Hapo daktari hana msaada mkubwa. Tafuta mashahidi, mkataba na taarifa aliyotoa mwajiri. Wamekubali ajali lakini asilimia ni ndogo? Hilo ni letu. Na asilimia si jambo dogo, kwa kuwa ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Rudi kwa daktari umwombe aandike mkono unafanya nini, si unaitwaje ugonjwa wake. Kwa kijana huyu tulipima kila kiungo cha kidole kinakunja kwa nyuzi ngapi, tukaandika kwamba hawezi kufunga kifungo cha shati wala kushika panga akakata mkungu wa ndizi, na kwamba asubuhi za baridi vidole vinauma hadi anaamka. Una haki ya kuomba maelezo hayo, usione aibu. Ila usiniambie "ongeza kidogo, daktari." Nimeambiwa hivyo mara nyingi na nimekataa kila mara. Mpimaji mwingine akikukuta tofauti, hata yale ya kweli hayataaminika.

Kilichonikasirisha ni kingine. Kwa miezi minne alikuwa ameacha mazoezi ya tiba, kwa ushauri wa wenzake kijiweni: mkono ukinyooka, asilimia itashuka. Jamani! Kiungo cha kidole kisichochezeshwa hukaza, na kikishakaza sana hata upasuaji unaweza usikirudishe. Zaidi ya hapo, faili linaloonyesha mgonjwa hakuhudhuria matibabu linampa anayekataa sababu ya kukataa. Hakuna fidia ninayoijua inayolingana na mkono unaoshika.

Tena, kukataliwa WCF si kukataliwa kila mahali. Mwanachama wa NSSF aulize pensheni ya ulemavu. Wao wana masharti yao ya michango, na wanatazama kama umepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya watu wenye ulemavu. Mkopo ni deni, nakubali, lakini umewasaidia baadhi ya wagonjwa wangu kufungua genge.

Wanaonisumbua usingizi ni wavuvi wa visiwa vya Muleba na vijana wa bodaboda. Hao hawana mwajiri anayewachangia, kwa hiyo hawana hata barua ya kukatia rufaa. Mfuko usiowafikia hao bado haujawafikia watu wengi wa Kagera, na sioni kwa nini tuendelee kulizoea jambo hilo.

Kijana wangu amekata rufaa kwa waziri akiwa na ripoti mpya ya kurasa mbili. Majibu bado. Kila Jumatano anakuja kwenye mazoezi, na wiki hii ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, ingawa kukiinua bado ni shida.