Masisi na Walikale: asiyejihesabu atahesabiwa na wengine

Kijana wa Masisi anayemaliza sekondari anaweza kuandika kwenye ubao kanuni ya wastani bila kosa. Aliisoma kwa ajili ya mtihani wa Exetat. Lakini akipewa daftari la wagonjwa la kituo cha afya cha kijiji chake na kuulizwa kama malaria inaongezeka ama inapungua, mara nyingi anakwama. Si kwamba hana akili. Alifundishwa takwimu bila kupewa kitu cha kuhesabu.

Na vitu vya kuhesabu vimejaa. M23 iliteka Rubaya, mji wa koltani ulioko Masisi, mwisho wa Aprili 2024. Mwaka uleule wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba koltani ya huko ilifikia tani 120 hivi kwa mwezi, na kwamba kodi yake iliingizia kundi hilo dola 800,000 hivi kila mwezi. Redio zilisoma namba hizo, watu wakazirudia, kisha zikasahaulika. Ila kuna hesabu ya mstari mmoja: tani 120 ni kilo 120,000. Gawa dola 800,000 kwa kilo hizo, unapata karibu dola 7 kwa kila kilo. Sasa namba imeshuka kutoka New York hadi kwenye gunia. Mchimbaji anaweza kuilinganisha na bei anayolipwa yeye kwa kilo, na kuuliza ni nani anayebeba kodi hiyo kwa kweli.

Somo la pili pia liko machimboni. Mtu akisema kwamba wachimbaji wa mahali fulani hupata dola 10 kwa siku kwa wastani, namba hiyo ifunuliwe. Chukua mfano wa watu kumi: tisa wanapata dola 3 kila mmoja, na wa kumi, mwenye shimo, anapata dola 73. Jumla ni dola 100, wastani ni dola 10. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayepata dola 10. Wapange kuanzia wa chini hadi wa juu, mwangalie aliye katikati: utakuta dola 3. Mwanafunzi aliyeona jambo hilo mara moja hatadanganywa tena kwa neno "wastani", iwe ni juu ya mishahara, mavuno ama msaada.

Lakini mahali ambapo hesabu inagusa uhai ni hospitali. Tuseme eneo moja la afya limepata wagonjwa 60 wa surua, na lingine wagonjwa 40. La kwanza linaonekana kuwa na shida zaidi. Ila kama la kwanza lina watu 30,000 na la pili lina watu 10,000, basi ni wagonjwa 2 kwa kila watu 1,000 upande mmoja, na 4 upande mwingine. Eneo la pili ndilo linaloungua.

Hapo ndipo shida ya Masisi na Walikale inapojificha, kwa kuwa namba ya chini, ile ya wakaaji, haijulikani vizuri. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo kila namba ya wakaaji ni makadirio juu ya makadirio, huku vita vikihamisha vijiji vizima kutoka Mweso, Katoyi ama Pinga. Dawa na chanjo zikipangwa kufuatana na namba iliyo kwenye karatasi, eneo lililopokea wakimbizi litapungukiwa, na lile lililobaki tupu litaonekana kana kwamba watu wake wanakataa chanjo. Muuguzi anaiona hali hiyo kwa macho. Anachokosa ni njia ya kuionyesha kwa namba zitakazosikika Goma na Kinshasa.

Kuandika programu ya kompyuta kunaingia hapo. Programu ni orodha ya maagizo tu, kama mama anavyomwelekeza binti yake kupika sombe: fanya hiki, kisha kile, rudia mpaka iive. Maagizo machache yanaweza kujumlisha ripoti za miezi kumi na miwili za vituo ishirini, na kuonyesha mahali ambapo kuna kosa: kwa mfano, kituo kilichoandika watoto wagonjwa 45 wakati wagonjwa wote ni 38. Kwa mkono, kazi hiyo huchukua siku nyingi. R na Python, lugha mbili zinazotumika sana kwa kazi hii duniani, ni za bure, na zikishawekwa kwenye kompyuta zinafanya kazi bila intaneti. Kompyuta moja ya mitumba na sahani ya jua zinatosha kwa kikundi cha wanafunzi watano.

Kuna watakaosema: watu wanakimbia risasi, ninyi mnaleta hesabu? Swali hilo ni la haki. Lakini vita havijazuia namba kuamua maisha ya watu hawa. Desemba 2023 Masisi haikupiga kura kwa sababu ya vita. Machi 2025, M23 ilipoelekea Walikale, kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wake wa bati wa Bisie, uliotoa zaidi ya tani 17,000 mwaka 2024, na wanunuzi wa bati ulimwenguni walijua mara moja ni tani ngapi zitakosekana. Mashamba ya mihogo na maharagi yaliyoachwa siku zilezile, nani aliyahesabu?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mahali penye silaha, orodha ya majina inaweza kuua. Kwa hiyo somo la kwanza kwa kila mwanafunzi liwe hili: hesabu wagonjwa, usiandike jina, andika bei ya soko, usiandike nani aliuza, na pale ambapo kuhesabu kunamweka mtu hatarini, acha.

Vijana wengi wa Masisi na Walikale tayari wanafanya nusu ya kazi hii. Mashirika huwaajiri kwa siku chache, huwapa simu yenye KoboToolbox, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Kisha majibu huondoka, na kijiji kilichojibu mara nyingi hakioni tena kitu. Kila shirika linalokusanya namba kijijini lingepaswa kuacha nakala isiyo na majina, pamoja na siku moja ya kuwafundisha waliozikusanya namna ya kuzisoma. Maeneo ya afya yangeweza kutoa jumla za mwezi kwa shule zilizo karibu. Na mwalimu wa hesabu, badala ya kutoa mfano wa treni isiyopita Walikale, angeuliza darasa bei ya kopo la maharagi wiki hii na wiki iliyopita.

Hakuna kati ya hayo kinachongoja amani kamili. Kinangoja daftari, kalamu na mwalimu anayekubali kuanza na namba za hapa.