Mtihani wa Kiingereza kwa Aliyesomeshwa kwa Kiingereza

Mwombaji wa chuo kikuu cha ng'ambo anayetoka Afrika Mashariki huandaa nyaraka nyingi: vyeti vya shule, matokeo yaliyothibitishwa na baraza la mitihani, barua za walimu wanaomfahamu, pasipoti na taarifa ya benki. Mojawapo inastahili kuhojiwa kuliko nyingine. Nayo ni matokeo ya mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, anayodaiwa mtu aliyefundishwa hesabu, biolojia na jiografia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, akajibu kwa lugha hiyo karibu kila karatasi ya mtihani wa taifa, na pengine akamaliza shahada ya kwanza kwa lugha hiyo hiyo.

Sharti hili si la tangu zamani. Septemba 1959, wanafunzi 81 wa Kenya waliposafiri kwa ndege moja kwenda Marekani katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya, TOEFL haikuwapo. Ilianza mwaka 1964. Wangari Maathai aliwafuata mwaka 1960, akasoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas. Cheti cha sekondari cha wakati ule kilitoka Cambridge, kikajulikana Uingereza na katika makoloni yake yote. Baada ya uhuru, mitihani ilihamia mikononi mwa Waafrika wenyewe, jambo lililostahili, lakini vyeti vipya vilivyotungwa nyumbani havikurithi imani iliyopewa kile cha zamani. IELTS, inayomilikiwa kwa ubia na British Council, Cambridge na IDP ya Australia, ilianza mwaka 1989 na kuziba pengo hilo kwa kipimo kimoja cha dunia nzima.

Kipimo chenyewe kimetengenezwa kwa uangalifu, na anayekipinga anapaswa kwanza kukiangalia kwa karibu. Kusikiliza huchukua kama nusu saa, kusoma saa moja, kuandika saa moja, na mazungumzo na mtahini dakika 11 hadi 14. Katika karatasi ya kuandika kwa wanaokwenda vyuoni, swali la kwanza huwa ni mchoro, tuseme grafu ya matumizi ya maji katika nchi tatu. Mtahiniwa huueleza kwa maneno yasiyopungua 150, na hushauriwa asitumie zaidi ya dakika 20. Hapo ndipo hata mwenye Kiingereza safi anaweza kukwama. Akiorodhesha takwimu moja baada ya nyingine, kwa sarufi isiyo na doa, atapoteza alama kwa kukosa sentensi mbili tu za kueleza picha kubwa: nini kimepanda, nini kimeshuka, nani anaongoza. Mtu anaweza kusema kwamba hilo si suala la lugha. Lakini chuo kikuu kitamdai stadi hiyo hiyo tangu muhula wa kwanza, na mwanafunzi asiyeweza kusoma jedwali na kusema lina maana gani atataabika, hata awe anazungumza kimombo kama maji.

Tatizo linaanza pale alama zinapogeuzwa kuwa lango. Chukulia mtahiniwa aliyepata 7.5 katika kusikiliza, 7 katika kusoma, 7 katika kuzungumza na 5.5 katika kuandika. Wastani wake ni 6.75, na kwa kanuni za mtihani hukuzwa kuwa 7. Chuo kinachotaka 6.5 kwa jumla, kisichokubali sehemu yoyote iliyo chini ya 6, kitamkataa. Kuna vituo vinavyoruhusu kurudia sehemu moja pekee; pasipo na nafasi hiyo, hulipa upya na kuanza tangu mwanzo.

Na kulipa si jambo dogo. Ada ya IELTS au TOEFL huzidi dola 200 za Marekani. Nchini Tanzania, kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kwa hiyo mtihani mmoja humeza mshahara wote wa mwezi wa mtumishi wa ngazi hiyo, au zaidi. Vituo viko katika miji michache mikubwa. Mwombaji wa Mpanda au Kibondo huongeza nauli ya basi, siku mbili za njiani na mahali pa kulala, yote hayo kabla hajajua kama kuna chuo kitakachomjibu. Matokeo nayo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili. Akikosa ufadhili mara ya kwanza na ya pili, akirudi kuomba mara ya tatu atakuta cheti chake kimekwisha muda, kana kwamba Kiingereza kimemtoka kichwani. Kwa mtu aliyejifunza lugha darasani kisha akaiacha, sharti la muda lina mantiki. Kwa mwalimu wa sekondari anayefundisha fizikia kwa Kiingereza siku tano kwa wiki, halina.

Linaloumiza zaidi ni jinsi msamaha unavyogawiwa. Serikali ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi kuthibitisha Kiingereza wanapoomba viza. Marekani imo, Australia imo, Jamaika imo, na visiwa vingine kadhaa vya Karibi vimo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Hoja inayotolewa ni kwamba nchi hizo ni zile ambazo wengi wa watu wake huzungumza Kiingereza, lakini Malta imo pia, ilhali lugha ya nyumbani ya Wamalta wengi ni Kimalta, na Wajamaika wengi hukua wakizungumza Patois. Kama lugha ya nyumbani haiwazuii Wamalta, ni vigumu kueleza kwa nini iwazuie Waganda, ambao Kiingereza ni lugha rasmi ya nchi yao na ya madarasa yao. Australia huwasamehe waliosoma miaka mitano kwa Kiingereza katika nchi chache zilizotajwa, na kutoka Afrika imetajwa Afrika Kusini peke yake. Kinachopimwa katika kanuni za namna hii ni pasipoti na ramani. Uwezo wa mwombaji mwenyewe haujaguswa.

Hata hivyo, anayedai kwamba Afrika Mashariki yote ifutiwe mtihani anaomba kitu ambacho shule zetu haziwezi kukitetea. Tanzania hufundisha kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba katika shule za serikali, kisha humrusha mtoto kwenye Kiingereza kidato cha kwanza bila daraja la kutosha. Walimu wengi hueleza somo kwa Kiswahili na kuandika ubaoni kwa Kiingereza, na mwanafunzi hukariri yaliyo ubaoni. Wapo wanaofaulu kwa namna hiyo hadi kidato cha sita. Aidha, kwa miaka mingi mwanafunzi wa tahasusi ya sayansi, kama PCM au PCB, hakufanya mtihani wa somo la Kiingereza baada ya kidato cha nne, kwa hiyo alama yake ya mwisho ya lugha ina umri wa miaka miwili au zaidi anapoomba chuo. Rwanda ilihamia Kiingereza kuanzia 2008, na walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa wakalazimika kufundisha kwa lugha waliyokuwa bado wanajifunza. Barua inayosema kwamba shule fulani inafundisha kwa Kiingereza haielezi lolote kati ya hayo.

Wala nchi zinazopokea wanafunzi hazina hofu isiyo na sababu. Mwaka 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha udanganyifu katika vituo vya mtihani wa Kiingereza wa TOEIC nchini Uingereza kwenyewe. Shirika la ETS, mwenye mtihani, likatangaza kwamba asilimia 97 ya majaribio zaidi ya 58,000 yaliyofanywa huko tangu 2011 yalikuwa na mashaka. Maelfu ya wanafunzi wakafutiwa viza, wakiwamo wasio na hatia waliohangaika mahakamani kwa miaka mingi kusafisha majina yao. Mkasa ule una funzo la pande mbili: cheti cha mtihani wa kulipia kinaweza kughushiwa kama cheti kingine chochote, na kipimo kimoja kikiharibika huwaangusha wote walioegemea hapo.

Kuna nchi zilizochagua njia nyingine kabisa. Urusi ya Kisovieti ilipofungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mjini Moscow mwaka 1960, mwanafunzi kutoka Afrika alianza kwa kufundishwa Kirusi kabla ya masomo ya fani yake. Ufadhili wa serikali ya Uturuki unampa mwanafunzi mwaka wa Kituruki kwa gharama ya mfadhili, na ufadhili wa serikali ya China huwafanyia vivyo hivyo wengi wanaosoma kwa Kichina. Huko lugha hufundishwa kwanza ndipo ipimwe, na anayebeba gharama ni mwenyeji. Nchi za Kiingereza zinaweza kudai kujua lugha mapema kwa kuwa zinapata waombaji wengi kuliko nafasi. Hilo ni suala la nguvu ya soko, na lisivishwe joho la taaluma.

Mlango ulio wazi zaidi kwa sasa uko kwenye vyuo vyenyewe. Kanuni za Uingereza zinaruhusu chuo kikuu chenye rekodi nzuri kujipimia Kiingereza cha mwombaji wa shahada, na baadhi hukubali alama nzuri ya Kiingereza ya KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya. Marekani haina sharti la taifa. Kila chuo kina lake, na vingi humsamehe aliyesoma sekondari au shahada kwa Kiingereza. Habari hiyo hukaa ndani kabisa ya kurasa za udahili, na waombaji wengi hulipia mtihani ambao barua pepe moja ya kuulizia msamaha ingewaepushia. Ofisi za ushauri mashuleni zingeokoa fedha nyingi za wazazi kwa kulifundisha hilo tu.

Lakini kuomba msamaha mmoja mmoja hakubadilishi ramani. Afrika Magharibi ina WAEC, baraza linalotahini nchi 5 kwa mfumo mmoja, na alama yake ya Kiingereza inatambuliwa na vyuo vingi vya Uingereza bila mtihani wa ziada. Mdahili anayekijua cheti cha Ghana anakijua na cha Nigeria. Afrika Mashariki ilikuwa na chombo cha aina hiyo, Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanza 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na kuunda baraza lake, NECTA, mwaka 1973. Kenya ikawa na KNEC mwaka 1980, na Uganda UNEB mwaka 1983. Leo mdahili wa Leeds au Toronto hukabiliwa na vyeti vitatu vyenye madaraja matatu tofauti, na anaposhindwa kuvilinganisha hudai IELTS. Mabaraza hayo hayahitaji kuungana tena. Yakitunga kwa pamoja karatasi moja ya Kiingereza cha kitaaluma, yenye kuandika na kuzungumza ndani yake, na kuitahini kwa ada ambayo mzazi wa Kibondo anaimudu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala lingekuwa na kitu mkononi cha kupeleka London na Canberra.